Aliyezika kwa Simu

"Kazika! Nasema kazika, na hata ukinuna mpaka jioni, kazika!"

Restuta alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa marehemu Yunisi, mwiko mkononi, sufuria kubwa ya wali ikitokota nyuma yake. Mwiko aliuelekeza kifuani kwa jirani yake Enesi kama askari anayesimamisha malori pale mpakani.

"Sauti yake ilikuwepo makaburini. Uliishika wewe, Mama Angel, kwenye kiganja chako mwenyewe!"

"Nilishika simu," Enesi alisema. "Mtu sikumshika."

"Na mle ndani ya simu alikuwa nani? Kuku?"

Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakichambua maharage walicheka, mmoja akamwaga ungo mzima. Enesi hakucheka. Alikuwa anautazama ule wali. Harufu ya vitunguu ilimpanda puani ikamkaa kooni, kama ilivyomkaa kila harufu tangu siku ile ya maziko. Wali! Tena wa nazi! Kwa mtu ambaye mama yake alilala kitandani miezi saba, mgongo ukioza, na yeye hakutia mguu.

Habari zilikuwa zimeletwa asubuhi na Jairo, yule anayetengeneza na kuchaji simu kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, hapo hapo Mpemba, jirani na Tunduma. Emanueli, mwana pekee wa Yunisi, dereva wa malori, ameonekana Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Gari lake liko kwenye foleni ya kuvuka, na mwenyewe amesema kabla ya jua kupinda atakuwa nyumbani kwa mama yake. Miezi minane tangu mama azikwe, ndiyo kwanza anakuja.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mtoto aliyekosa maziko ya mzazi, akirudi, haingii tu ndani akavuta kiti. Anasimama ukingoni mwa uwanja. Wanawake wakimwona wanapiga yowe la msiba upya, kama marehemu kafa asubuhi hiyo. Wanampeleka kaburini huku wanalia, anatupa udongo wake, anarudi, ananawa, anakula na watu. Pasipo yowe hapelekwi kaburini, na asiyepelekwa kaburini hakuna atakayetia mkono naye kwenye sahani moja. Mambo hayo hayajawahi kuhitaji kikao. Aliyekuwepo anajulikana na asiyekuwepo anajulikana.

Sasa huyu alikuwepo kwa simu.

"Mimi nawaambieni, hili ni swali jipya kabisa," alisema Jairo. Alikuwa ameacha kibanda chake na simu za watu kwenye chaja akaja kukaa kwenye kigoda cha marehemu, maana pakiwa na maneno Mpemba nzima, Jairo hawezi kuuza hata betri. "Wazee walipanga yote: afiaye mbali, afiaye majini, mapacha. Lakini mtu kuwa Kongo na kuitikia sala Mpemba, dakika ile ile? Hilo nani alilipangia? Hakuna. Tunatakiwa tukae tufikiri upya."

"Tufikiri nini?" Enesi alimgeukia. "Ulikuwepo au hukuwepo. Swali ni hilo hilo tangu watu waanze kufa. Wewe na vimashine vyako kila kitu kipya."

"Basi ngoja nikuumbue," Restuta akadakia. Restuta ni muuza vitenge, na kila mtu pale alijua kwamba lori la Emanueli likiwa na nafasi, marobota yake yangesafiri kwa heshima. Lakini ulimi alikuwa nao hata bila marobota. "Baba yako mzazi, Mungu amrehemu, alipokuwa kwenye ujenzi wa reli, si alituma koti msibani kwa kaka yake? Koti! Likakalishwa kwenye kigoda, watu wakaja wakalipa pole, 'pole sana baba,' koti kimya. Na alipokuja likizo mlimlilia? Hamkumlilia. Mlisema koti lilizika. Sasa koti lizike, sauti ya mtu isizike?"

"Koti halikubeua," Enesi akasema.

Restuta akashusha mwiko.

"Kubeua? Nani kabeua?"

"Hakuna. Nimesema tu."

"Hapana, Mama Angel, mtu hasemi tu kubeua."

"Wali wako unaungua," Enesi alisema, akainama kuchukua ungo.

Kilichomtoka mdomoni alikuwa amekikalia miezi minane kama mtu aliyekalia mwiba kanisani.

Siku ile ya maziko, Emanueli alipiga simu kutoka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, alikokwama kwenye foleni na mzigo wa watu. Akalia. "Mama mdogo, nisaidie. Nishikie simu nizike." Wazee wakatazamana, mchungaji akasema haoni ubaya. Na nani wa kushika simu kama siyo Enesi, jirani aliyemuuguza Yunisi? Enesi ndiye aliyekuwa akimgeuza asubuhi na jioni, akiosha vile vidonda vya mgongoni kwa maji ya chumvi, akitoa pamba iliyogandamana na nyama. Harufu ile ilikuwa haitoki kucha. Angesugua kwa ndimu, angesugua kwa majivu, akipeleka tonge mdomoni inamsalimia.

Basi mkono ule ule ndio alioshikia simu juu ya kaburi, sauti imefunguliwa ya juu, watu wamezunguka. Sala ikaombwa. "Amina," watu wakasema. Kisha, baada ya kila mtu, ile simu nayo ikasema "Amina" peke yake, kijisauti cha bati, watoto wakaziba midomo. Enesi aliona kinyaa hapo hapo. Aliona kama ameshika mende anayeongea.

Mchungaji akasema, "Emanueli, subiri. Ukifika wakati wa udongo tutakuambia." Kwaya ikaanza. Wimbo ulikuwa mrefu. Enesi akaipeleka simu sikioni kuhakikisha kama mtu bado yupo, na humo sikioni akasikia muziki wa dansi. Akasikia chupa zikigongana. Mwanamke akacheka, akaita, "Leta mbili za baridi!" Halafu mtu, karibu kabisa, akabeua. Kubeua kurefu kwa mtu aliyeshiba bia, na Enesi akahisi pumzi yenyewe imepita kwenye vitundu vya simu ikamwingia sikioni ya moto, na chini ya miguu yake lipo jeneza la mwanamke aliyeoza yuko hai akimwita mwanawe. Matapishi yalimfika kooni. Akayameza. Kidole gumba kikabonyeza kitufe chekundu, kisha kikabonyeza tena na kushikilia mpaka simu ikazimika kabisa.

Kwaya ilipomaliza, mchungaji akageuka. "Emanueli, sasa."

Enesi akainua ile simu iliyokufa, watu waione.

"Amekata," akasema.

Neno moja hilo. Jioni lilikuwa limefika sokoni Tunduma, kesho yake limevuka Nakonde, na kila lilipopita liliongezewa nyama: amemkatia mama yake simu kaburini; amekata akaagize bia; amekata akisema upuuzi huo mumalize wenyewe. Enesi hakuongeza hata kipande. Hakupunguza pia. Siku ya tatu alipoiwasha simu, haikupita dakika, Emanueli huyo. "Mama mdogo, kulitokea nini?" Enesi akamjibu, "Mtandao, mwanangu. Mtandao wa huku mbovu."

Tangu hapo simu huishika kwa ncha ya kanga.

"Sasa tukate shauri," alisema mama Ruti, mkubwa wao pale mkekani, mwanamke ambaye yowe lake likipanda mbwa wa mtaa wa pili hujibu. "Mtu yuko njiani. Tunalia au hatulii?"

"Haina haja," Restuta akasema. "Kazika kwa simu. Kilio chake kilikwisha siku ile. Aingie, ale wali, tumsikilize habari za Kongo."

"Mimi ningesema tuitishe wazee," Jairo akasema, "kwa sababu swali..."

"Wewe nyamaza na swali lako. Mimi sauti yangu siitoi kwa mtu aliyekata," mama Ruti akatamka. "Angekuwa hakupiga kabisa, ningemlilia. Angekuwa kazuiwa na wenye gari, ningemlilia. Lakini upewe mama yako sikioni, halafu ukate? Mama Angel, wewe ndiye uliyekuwa naye. Unasemaje?"

Wote wakamtazama. Enesi alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ya yale matapishi aliyoyameza. Restuta hataki yowe kwa sababu mtu kazika. Hawa hawataki kwa sababu mtu kakata. Na kwa njia yoyote Emanueli atasimama hapo ukingoni bila kuliliwa.

"Mimi sina la kusema," akasema. "Fanyeni mnavyoona."

"Basi hatulii," akasema mama Ruti, na maharage yakaendelea.

Emanueli alifika kwa bodaboda, lori kaliacha mpakani. Mwanaume mrefu aliyeanza kuota kitambi, shati limenyooka, uso una siku nyingi za jua la kwenye vioo vya gari. Akamlipa kijana wa pikipiki, akaja mpaka ukingoni mwa uwanja, akasimama. Mkononi alikuwa na mfuko mweusi wa rambo, mdogo, umefungwa fundo.

Akasubiri.

Mfuniko wa sufuria ulikuwa unacheza kwa mvuke, ka-ka-ka. Hakuna mwanamke aliyeinua kichwa. Mama Ruti alikuwa anatafuta jiwe kwenye maharage kana kwamba imepotea lulu. Emanueli akavua kofia. Akaibadilisha mkono. Enesi aliona mdomo wake unajiandaa kulia, kama mtu anayejiandaa kutwishwa mzigo kichwani, na mzigo hauji.

Restuta ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akanyanyuka na kiti, kicheko cha dukani usoni. "Karibu, shemeji! Karibu! Mulishani, habari zako, mtu wa Zambia! Njoo ukae, wali umeiva."

"Siwezi kukaa, shemeji," Emanueli akasema. "Sijazika."

"Umezika bwana! Tulikusikia wote."

"Hamkunisikia kwenye udongo." Akainua ule mfuko. "Mchungaji aliniambia nisubiri, ataniambia. Nikachota udongo pale chini, mbele ya tairi la gari, nikawa nao mkononi nasubiri. Wimbo ukaanza, halafu mtandao ukakata. Nikapiga, simu haipatikani. Nikapiga, haipatikani. Nimesimama na udongo mkononi na sijui mmefika wapi. Nikiutupa mapema siyo, nikichelewa siyo. Sikujua saa ya kuutupa." Akaufunga mkono juu ya mfuko. "Ninao mpaka leo. Na bosi alinifunga kwenye njia ya Kongo tu, miezi minane nazunguka huko huko, nao uko kwenye dashibodi."

Mama Ruti aliinua uso. "Mtandao?"

"Mtandao, mama."

"Wewe si ndiye uliyekata?"

"Nikate?" Emanueli akamtazama kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. "Nimkatie mama yangu?"

"Kulikuwa na bia," Enesi akasema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ulikuwa baa, Emanueli. Nilisikia kwa sikio langu. Dansi, na malaya wanacheka, na mtu kabeua kwenye sikio langu, na mama yako yuko chini hapo!"

"Nilikuwa baa, ndiyo." Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilimchukiza Enesi zaidi. "Simu ilikuwa imekufa chaji, pale foleni umeme uko baa tu. Nimeichomeka ukutani, waya mfupi, nimepiga magoti kwenye kona karibu na makreti. Hao waliobeua siwajui. Na mimi pia nilikuwa nimekunywa. Mbili. Ningeweza vipi kusimama?"

Halafu swali likamfika, Enesi aliliona likimfika, likipanda polepole kutoka kifuani mpaka machoni.

"Mama mdogo. Kama uliyasikia hayo yote, mtandao ulikuwepo."

Ungo ukatua chini. Enesi alijitazama mikono. Angeweza kusema mtandao ulikuja ukakatika. Angeaminiwa, yeye ndiye aliyeosha vidonda. Kidole gumba kilikuwa pale pale kwenye mkono, kifupi, chenye ufa wa jembe, kinatazama juu kama hakijafanya kitu.

"Ni mimi niliyekata," akasema. "Nilibonyeza, nikaizima. Nikawaambia watu umekata wewe. Na wewe nikakwambia mtandao."

Ni Restuta aliyetangulia. Alitema mate, pembeni kwa adabu, lakini alitema. "Mama Angel! Miezi minane tunamla nyama mtoto wa watu! Hata mimi ninayemtetea leo, nimemsema sokoni, nimemsema Nakonde, nimemsema kwa Wabemba ambao hata hawamjui! Kumbe tunakula matapishi yako!"

"Ndiyo," Enesi alisema. Maana ndivyo yalivyokuwa.

Mama Ruti akasimama. Aliweka mikono kichwani, akafumba macho, na yowe likapanda. Lilianza chini kabisa likapita juu ya paa la bati, na mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Wengine wakalipokea mkekani mmoja mmoja, "Yunisi wee! Mama Emanueli wee! Mwanao kaja!" na yule mwanaume mrefu akalia hapo ukingoni, wakamshika kwapani. Enesi naye alifungua kinywa alie. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka akamtazama mara moja tu. Enesi akafunga kinywa.

Aliwafuata kwa nyuma mpaka makaburini, mbali kidogo, na Jairo akawa anatembea naye, siyo kwa huruma bali kwa sababu hakuwa amemaliza.

"Unaona sasa? Nilikwambia ni swali jipya. Zamani kumfukuza mtoto kwenye maziko ya mama yake kungehitaji wanaume wanne na fimbo, na yeye angejua kafukuzwa. Wewe umemfukuza kwa kidole, na hakujua, na sisi hatukujua. Tumesimama naye tukidhani yuko, kisha tukadhani kaondoka. Lini jambo kama hilo limetokea?"

"Jairo, niache."

"Nauliza tu."

"Nilisema uongo," Enesi akasema. "Hata koti ningeweza kulisemea uongo. Ningesema limeanguka lenyewe." Akatembea hatua kadhaa. "Lakini koti ningelazimika kulisukuma mbele za watu. Hilo nakupa. Sasa niache."

Kaburini Emanueli alifungua fundo. Udongo wa Kasumbalesa ulikuwa mweusi, umeshikamana, na harufu ya dizeli ilifika mpaka aliposimama Enesi. Juu ya Yunisi, aliyemsafisha kwa maji ya chumvi miezi saba, unatupwa uchafu wa tairi. Akataka kupiga kelele, mwacheni, siyo huo. Wanawake walikuwa wanalia kwa raha kabisa. Emanueli aliutupa wote, akakung'uta mfuko, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akainama akachota na ule wa pale, mwekundu, akautupa juu yake.

Waliporudi, beseni la maji lilikuwa limetengwa mlangoni. Mtu ananawa, anaingia. Mwingine ananawa, anaingia. Restuta alikuwa ameusogeza wali wake pembeni kwa manung'uniko, kwa sababu siku ilikuwa imegeuka msiba, na mama Ruti alikuwa amesonga ugali na kuyaunga yale maharage. Ndani kelele zilikuwa zimeanza kurudi, vijiko, viti vikiburutwa, Jairo akimweleza mtu jambo jipya.

Enesi hakunawa. Alisimama ukingoni mwa uwanja, pale pale aliposimama Emanueli saa chache zilizopita, akafikiria kwenda kwake, hatua thelathini tu. Watoto wake walikuwa wamekula. Hakuna aliyemkataza kuingia, na hakuna aliyemwita. Akautazama mkono. Kidole gumba hicho hicho ndicho kinachotoboa tonge. Alijua harufu atakayoikuta, na safari hii siyo ya vidonda.

Emanueli akatokea mlangoni, mikono inatiririka maji. Akamtafuta kwa macho mpaka akamwona. Hakutabasamu.

"Nani alikuwa anamwosha mgongo?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

Maji yalidondoka kwenye viatu vyake. Ndani mama Ruti aliuliza nani kashikilia mlango, nzi wanaingia.

"Kukusamehe sijui kama nitaweza, mama mdogo," Emanueli akasema. Akalisukuma lile beseni kwa mguu, likaburuzika mpaka karibu na miguu ya Enesi, maji yakayumba. "Nawa uingie, ule. Ugali unapoa."